Kiboksi cha waifai ni chako, si cha fundi

SEHEMU YA 1: Naanza na aibu yangu



Mmenizoea hapa nikiongelea homa, kitovu cha mtoto, chuchu zilizochanika na chanjo. Wiki hii wengine mtasema nesi kaishiwa mada. Nataka kuongelea kile kiboksi cha waifai kilichoko juu ya kabati la TV, simu unayompa mtoto ili upate kupika, na tovuti tunazofungua saa nane usiku mtoto akilia. Soma kwanza, halafu unikatalie.

Wanaonifahamu wanajua nina kiugonjwa. Wenzangu wakitoka zamu wanaangalia tamthilia, mimi nachokonoa kompyuta kuukuu na ruta zilizotupwa. Hakuna darasa nililosomea. Nimejifunza kwa kuharibu. Mume wangu ameshakosa mechi mbili kwa sababu nilikuwa "nabadilisha kitu kidogo tu" kwenye mtandao wa nyumbani.

Sasa aibu yenyewe. Miaka michache iliyopita nilitengeneza tovuti ndogo kwa ajili ya mama wa kliniki yetu. Iliweka ratiba ya chanjo: BCG na matone ya polio mtoto akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10, ya 14, halafu surua-rubela miezi 9 na miezi 18. Iliweka dalili za hatari kwa mjamzito na kwa mtoto mchanga. Nilitumia WordPress, programu ya bure ambayo tovuti nyingi sana duniani zinaitumia. Niliitengeneza, nikajisifu, nikaisahau. Zamu za usiku, mtoto wa pili, maisha. Miezi minane sikuigusa.

Siku moja mama mmoja akaja kliniki, simu mkononi. Hakuwa na hasira hata kidogo. Akaniambia, "Nesi, ile dawa yako ya kuongeza maziwa mbona haijafika?"

Dawa gani? Akanionyesha. Alifungua tovuti yangu kuangalia chanjo ya wiki ya 10, tovuti ikamrusha kwenye ukurasa mwingine kabisa. Una picha ya mama ananyonyesha, una maneno kwamba maziwa yakionekana mepesi mtoto hashibi, una namba ya kutuma pesa. Alituma shilingi 25,000. Na alipokuwa anasubiri dawa, akaanza kumpa mtoto uji. Mtoto wa miezi miwili na nusu. Nikafungua kadi, mstari wa uzito umelala.

Alituma kwa sababu aliingilia kwangu. Yale maneno sikuyaandika mimi, lakini mlango ulikuwa wangu, na niliuacha wazi.

Hela nilimrudishia mfukoni mwangu. Mengine hayalipiki. Ndiyo maana naandika.


SEHEMU YA 2: Nani anakuchukia hivyo?

Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa nyumbani. Jibu ni kwamba hakuna anayenichukia, na ndiyo sehemu inayotisha.

Kuna programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana zikijaribu vitasa. Hazijui kama mlango ni wa benki au wa nesi mwenye tovuti ya kurasa sita. Zikikuta umelegea, zinaingia. Mtu anayesema "mimi ni nani hadi wanidukue?" anafikiri mwizi anamchagua. Mwizi hamchagui mtu, anachagua kitasa.

Kwenye tovuti yangu kulikuwa na programu ndogo ya kupachika, ile inayotengeneza fomu ya "mwandikie nesi". Walioitengeneza waligundua ina tundu, wakaliziba, wakatoa toleo jipya. Toleo hilo lilikuwa linanisubiri kwenye ukurasa wa usimamizi, na kinamba chekundu kinaniita. Mimi sikufungua.

Na hapa kuna jambo watu wengi hawalijui. Siku tundu linapozibwa na toleo jipya kutangazwa, wezi nao wanasoma lile tangazo. Sasa wanajua tundu lilikuwa wapi. Kwa hiyo asiyesasisha hayuko kama jana, yuko katika hatari kubwa kuliko jana.

Msidhani ni mambo ya tovuti ndogo. Mei 2017 programu hasidi iitwayo WannaCry ilifunga kompyuta katika nchi nyingi. Uingereza, hospitali za NHS ziliumia sana. Maelfu ya miadi ya wagonjwa yaliahirishwa, magari ya wagonjwa yakaelekezwa hospitali nyingine. Hiyo ni nchi tajiri, yenye wataalamu. Na je, dawa ya lile tundu ilikuwepo? Microsoft waliitoa Machi 14, 2017, karibu miezi miwili kabla. Dawa ipo kwenye kabati, mgonjwa hajapewa. Sisi wa wodini tunajua hilo linaitwaje.

Na majumbani je? Mwaka 2016 Marekani vijana watatu walitengeneza programu iliyoitwa Mirai. Haikuwa na ujanja mkubwa. Ilikuwa na orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani, jozi zipatazo 60 tu, kama vile "admin" na "admin". Ikapita mitandaoni ikijaribu kamera za ulinzi na ruta za watu, ikaingia kwenye vifaa maelfu kwa maelfu. Programu yenyewe ikasambazwa, na Oktoba 21, 2016 vifaa vya namna hiyo vilitumika kuishambulia kampuni moja ya huko, na kwa saa kadhaa watu wengi hawakuweza kufungua Twitter wala Netflix. Wenye kamera hizo walikuwa majumbani mwao wanakunywa chai. Hawakujua chochote.

Vifaa havikuwa vibovu kuliko vya wengine. Kilichokosekana ni mtu wa kubadilisha neno moja.


SEHEMU YA 3: "Mama, mwite mzee nimweleze"

Leo nagombana na mafundi kidogo. Mnisamehe, wengi wenu mnafanya kazi nzuri.

Fundi aliyetufungia intaneti nyumbani alikaa dakika kama 15. Neno la siri la waifai aliweka jina la kampuni na 1234. La usimamizi wa ruta aliliacha "admin". Nilipomuuliza kwa nini, akatabasamu: "Mama, mwite mzee nimweleze." Mzee mwenyewe ndiye huyu anayenipigia simu nikiwa zamu kuniuliza kwa nini TV haishiki mtandao.

Hii ndiyo tabia ninayoipinga. Tumeambiwa mambo ya mtandao ni ya fundi, na fundi akiondoka ni ya baba, na baba akiwa hajui ni ya kijana wa jirani. Mama ambaye yuko na watoto kutwa nzima ndiye wa mwisho kuelezwa. Jamani, nani anajua ni saa ngapi mtoto anashika simu? Nani anajua mgeni gani alipewa neno la siri juzi?

Kwa hiyo sikia. Nyumba ina maneno ya siri mawili, na watu wengi wanajua moja tu. La kwanza ni la kuingia kwenye waifai, hilo unalowapa wageni. La pili ni la kuingia ndani ya ruta yenyewe na kubadilisha mambo. La kwanza ni ufunguo wa geti, la pili ni ufunguo wa kabati la hati za nyumba. Mtu aliyeshika la pili anaweza kuelekeza simu zote za nyumba yako anakotaka yeye, na wewe unaona tu "intaneti leo ina matangazo mengi".

Fanya hivi, siku moja mtoto akiwa amelala:

1. Geuza ruta, soma karatasi iliyobandikwa chini. Kuna namba kama 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ukiwa umeunganishwa na waifai yako, iandike kwenye kivinjari, pale unapoandika anwani ya tovuti. Ukurasa utafunguka.

2. Ingia, badilisha neno la siri la usimamizi. Liwe refu, lisifanane na la waifai. Liandike kwenye daftari unaloweka kadi za kliniki. Ndiyo, daftari. Mwizi wa mtandaoni hafungui kabati lako.

3. Badilisha na la waifai. Kwenye usalama chagua WPA3, au WPA2 kama ruta haina WPA3.

4. Zima WPS, ile ya kuunganisha kwa kubonyeza kitufe au namba fupi. Zima pia ruhusa ya kusimamia ruta kutoka nje ya nyumba.

5. Kama ruta inaruhusu, washa mtandao wa wageni. Shemeji akija na simu yake yenye virusi, aingie huko. Kamera ya ulinzi na TV nazo ziwekwe huko.

6. Tafuta sehemu ya kusasisha programu ya ruta. Kama ni kampuni iliyokuuzia ndiyo inayosasisha, wapigie uwaulize. Wakibabaika, uliza tena.

Mambo haya yote hayafiki nusu saa. Kufunga mbeleko vizuri kulikuchukua muda mrefu zaidi kujifunza.


SEHEMU YA 4: Simu anayopewa mtoto

Mmoja wenu ameniandikia faragha, nami nimemwomba ruhusa niseme bila jina. Mtoto wake wa miaka saba alikuwa anatafuta katuni. Akabonyeza tangazo, likafungua linki, linki ikafungua nyingine. Mama anarudi kutoka jikoni anamkuta mtoto amekaa kimya kupita kawaida. Kimya kile kila mama anakijua.

Kosa si la mtoto. Wala sitakubali kosa libebeshwe mama aliyekuwa anakoroga ugali.

Kuna watu wamegundua hofu yetu na wanaiuzia bidhaa. Kila siku naletewa matangazo ya apu za "kulinda mtoto", lipia kila mwezi, itakuonyesha mpaka meseji zake. Fikiria kidogo. Apu inayosoma meseji zote za mwanao, nani mwingine anazisoma? Seva yake iko wapi? Siku kampuni ikifungwa, hizo picha zinabaki na nani? Unalipa mtu umletee kila siri ya mtoto wako, halafu unaita hiyo ulinzi.

Kabla ya kulipa senti, jaribu cha bure. Intaneti ina kitu kinaitwa DNS, kama daftari la namba za simu: unaandika jina la tovuti, daftari linatoa namba, simu inaunganishwa. Sasa kuna madaftari ambayo majina ya tovuti za ngono na za virusi yamefutwa. Ukiuliza jina hilo, unaambiwa halipo. Moja lilitolewa na kampuni ya Cloudflare mwaka 2020 kwa ajili ya familia, na kulitumia hulipi kitu.

Kama una ruta: ingia kama tulivyofanya jana, tafuta DNS, andika 1.1.1.3 na ya pili 1.0.0.3. Vifaa vyote vya nyumba vinavyochukua DNS ya ruta vitafuata.

Kama huna ruta, unatumia bando tu, na najua wengi wenu ndivyo mlivyo: simu ya Android toleo la 9 au zaidi ina sehemu ya "DNS ya faragha" kwenye mipangilio ya mtandao. Kama simu yako inaongea Kiingereza, tafuta "Private DNS". Chagua kuandika mwenyewe, weka family.cloudflare-dns.com, hifadhi. Hii inafanya kazi ukiwa kwenye bando na hata ukiwa kwenye waifai ya bibi.

Mimi mwenyewe nimekwenda mbele kidogo kwa sababu ya kiugonjwa changu. Nina kakompyuta kadogo ka Raspberry Pi kanachoendesha programu huria ya Pi-hole, kanazuia na matangazo mengi ya nyumba nzima. Nyie si lazima mfike huko.

Sasa niseme na upungufu, maana nesi asiyesema madhara ya dawa si nesi. DNS haiwezi kuchuja kilicho ndani ya YouTube, TikTok au kundi la WhatsApp. Mtoto mkubwa mwenye ujanja ataizima. Na huyo anayetunza daftari anaona majina unayoyauliza, kama ambavyo kampuni yako ya simu ilikuwa inayaona jana. Kwa hiyo hii ni chandarua. Inapunguza mbu, lakini ukiwa na homa bado unakwenda kupima.

Dawa yenyewe ni mtoto kujua kwamba akiona kitu cha ajabu anaweza kuja kukuonyesha, na hatapigwa. Ukimpiga mara ya kwanza, mara ya pili hutaambiwa.


SEHEMU YA 5: Eti cha bure hakina thamani

Nilijua itakuja tu. "Nesi, kama ni cha bure, basi hakina maana." Wengine mmesema kinyume: "Kama ni cha bure, basi wanatuibia."

Nizungumze na wa kwanza. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, alianza kuandika programu kama jambo la kujifurahisha tu. Akawaachia watu wote waisome, waitumie, wairekebishe. Ndiyo Linux. Leo simu yako ya Android, hiyo unayosomea hapa, moyo wake ni Linux. Ruta nyingi za majumbani pia.

Kuna kisa kimoja cha ruta nakipenda sana. Mwishoni mwa mwaka 2002 kampuni ya Linksys ilitoa ruta iitwayo WRT54G. Watu wa kuchokonoa kama mimi wakagundua ndani yake kuna Linux. Sasa leseni ya Linux inasema: ukiitumia kwenye bidhaa unayouza, lazima utoe na maandishi ya programu yenyewe. Wakasema kwa sauti, na mwaka 2003 maandishi yakatolewa. Kutokana na hayo watu wakatengeneza OpenWrt, programu huria ya ruta ambayo inatunzwa hadi leo. Nina ruta ambayo kiwanda chake kiliitupa zamani, hakitoi tena masasisho. Kwa OpenWrt bado inapata. Mwenye kiwanda kaiacha, jamii ya watu wasiofahamiana inaitunza.

Bado huamini? Njoo kwetu hospitali. Mwaka 2004 ulianzishwa mfumo huria wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa, OpenMRS, na mizizi yake mojawapo iko Eldoret, Kenya, katika kazi ya kuhudumia watu wenye VVU. Leo unatumika katika nchi nyingi. Zile takwimu tunazojaza kwenye vitabu vya MTUHA hapa Tanzania, ngapi wamezaliwa, ngapi wamechanjwa, zinaishia kwenye DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kwa hiyo mwanao ulipompeleka chanjo, alihesabiwa na programu ya bure. Ungependa tuache?

Kwa wale wa pili: huria maana yake mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kufungua na kuona kilichomo. Hiyo apu ya kulipia inayosoma meseji za mwanao, nani ameruhusiwa kuifungua?

Lakini nisidanganye. Programu huria haijitunzi yenyewe. Mbuzi wa kupewa naye anakula majani. WordPress yangu ilikuwa huria, bure, na imetengenezwa vizuri. Aliyelala ni mimi.


SEHEMU YA 6: Tovuti zetu za kuweka na kusahau

Hapa ndipo nina hasira zaidi, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Kila mahali tunapenda uzinduzi. Zahanati inazindua tovuti. Shule inazindua. Kanisa, msikiti, kikundi cha akina mama wa vikoba. Keki inakatwa, picha zinapigwa, mgeni rasmi anabonyeza kitufe. Halafu nani anaitunza? Kijana aliyeitengeneza kalipwa mara moja, kaondoka, namba kabadilisha. Neno la siri analo yeye. Bajeti ya mwaka wa pili haipo. Nani amewahi kumwalika mgeni rasmi kwenye kusasisha?

Mwaka unapita. Jina la tovuti linatakiwa kulipiwa tena, barua pepe ya kukumbusha inakwenda kwa yule kijana. Jina linaisha muda, mtu mwingine analinunua. Kesho mzazi anaandika jina la shule ya mwanawe anakutana na kamari. Au namba ya simu ya dharura iliyoandikwa ni ya mtu aliyehama miaka mitatu iliyopita, na mama mwenye damu inayomtoka anaipiga.

Nasema hivi, na nilaumiwe: taasisi isiyo na mtu wa kutunza tovuti isiwe na tovuti. Ibandike karatasi ukutani. Karatasi ikichakaa watu wanaona imechakaa. Tovuti iliyooza kwa nje inaonekana nzima, na watu wanaiamini kwa sababu ya jina lako.

Najua mtakaojibu: "Nesi, unatukatisha tamaa, bora kidogo kuliko hakuna." Nilisema hivyo hivyo mimi. Kidogo changu kilimfikisha mtoto kwenye uji wa miezi miwili na nusu.

Nilifanya nini baada ya pale? Nilifunga tovuti siku ileile. Nakala ya akiba niliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani mno, karibu nusu ya niliyoandika ikapotea. Nikalia kidogo, nikaanza upya. Safari hii sikutumia WordPress, maana kwa kurasa sita zisizobadilika sikuihitaji. Niliandika kurasa za kawaida, maandishi na picha mbili ndogo, hakuna fomu, hakuna vya kupachika. Zinafunguka hata kwenye simu ya bei ndogo yenye bando la kubahatisha. Kitu kisichokuwepo hakidukuliwi. Anayetaka kuniandikia atanikuta kliniki.

Kama wewe uko kwenye kamati ya shule au kikundi, jumapili hii uliza maswali matano. Jina la tovuti limeandikishwa kwa nani? Linaisha muda lini? Neno la siri analo nani zaidi ya mtu mmoja? Nakala ya akiba ya mwisho ni ya lini, na imewahi kujaribiwa kurudishwa? Nani anasasisha, na analipwa nini? Wakianza kutazamana, umepata jibu.

Na nyumbani jiulize moja: picha za mwanao tangu azaliwe ziko wapi? Kama jibu ni "kwenye simu", basi ziko mkononi mwa mtoto mwenyewe, karibu na ndoo ya maji. Hamisha leo. Ziwe sehemu mbili, na moja iwe nje ya nyumba.


SEHEMU YA 7: Huna muda, najua

Hii ni ya mwisho, zamu ya usiku inaniita.

Mmeniambia hamna muda, na nawaamini. Ila ngoja niwakumbushe mnachofanya tayari. Unachemsha maji ya kunywa ingawa jana uliyachemsha. Unaangalia tarehe kwenye chupa ya dawa ya homa kabla ya kumpa mtoto. Unatunza kadi ya kliniki miaka mitano bila kuipoteza. Unarudi wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ingawa mtoto anaonekana mzima, kwa sababu unajua chanjo ya mwisho haifanyi kazi ya zote.

Hayo ndiyo matunzo. Na mtandao wa nyumbani hauhitaji kingine. Haumhitaji mtu mwenye akili za ajabu, unamhitaji mtu anayerudi. Mimi sikudukuliwa kwa kukosa ujuzi, ujuzi nilikuwa nao. Nilidukuliwa kwa sababu sikurudi.

Kwa hiyo msikubali tena kuambiwa "mwite mzee". Mzee akitaka, aje akae pembeni ajifunze, na kama yeye ndiye mwenye nafasi, basi yeye ndiye arudi. Ila awepo mtu, na jina lake lijulikane ndani ya nyumba.

Ratiba yangu mimi ni tarehe moja ya kila mwezi, dakika 20, chai pembeni:

Nasasisha simu zote na apu zote. Naingia kwenye ruta naangalia kama kuna toleo jipya. Naangalia orodha ya vifaa vilivyounganishwa, kisichojulikana nakitoa na kubadilisha neno la siri. Nafuta apu ambazo hakuna anayezitumia. Nahamisha picha. Nafungua tovuti yangu kwenye simu ya mtu mwingine, si yangu, nione anachokiona mama wa kawaida.

Hilo la mwisho kama ningelifanya mara moja tu katika ile miezi minane, ningeona.

Mlioniuliza kuhusu yule mtoto: uji tuliuacha siku ileile. Nilikaa na mama yake, tukarekebisha namna ya kumshika na kumnyonyesha, akanyonya mara nyingi usiku na mchana bila kuongezewa kitu. Tulimpima kila wiki. Mstari ulichukua muda, lakini uliinuka. Surua-rubela ya miezi 9 nilimchoma mimi mwenyewe, akanilia usoni kwa nguvu zote, nami nikafurahi kusikia mapafu yale.

Mama yake bado anafungua tovuti yangu. Alinionyesha simu yake mwezi uliopita kwenye foleni, anatafuta tarehe ya chanjo ya mtoto wa dada yake. Sikumwambia kitu, ila usiku ule nilirudi nyumbani nikaikagua tena, na haikuwa hata tarehe moja.

Basi. Geuza hiyo ruta, soma karatasi ya chini. Kesho ukikwama niulize, nikitoka zamu nitajibu.